Kovu la Katikati

Tangu basi litoke Wasso, Nashipai hakutulia. Alizungusha bangili yake ya shanga mpaka mama yake akamshika mkono.

"Utakata uzi."

Kipimo cha kwanza kilikuwa kimeonyesha uvimbe kwenye ini. Wakamtuma Arusha, akalazwa ndani ya mashine inayogonga kama fundi bati, akachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Leo, hapa hospitalini Karatu, Daktari Laurencia angemwambia kama ni saratani.

Kwenye benchi aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Hata ndama aliyefungwa anatulia kuliko wewe," mama alisema.

Waliitwa. Daktari akawageuzia kioo cha kompyuta.

"Uvimbe ni huu. Na katikati una kovu."

Mama akainuka. "Hiyo kovu ni mimi." Kabla Nashipai hajamzuia, mama alikwishafunua shuka la binti yake upande wa kulia, chini ya mbavu, penye alama ya mviringo. "Alikuwa mtoto, tumbo imevimba, homa haitoki. Nikachoma na chuma ya moto. Kumbe moto iliingia mpaka kwa ini."

Ndipo Nashipai alipoelewa kwa nini tangu kipimo kile mama hakuwa akila.

Daktari hakucheka; akamwita mama kwa Kimaasai. "Keti, yeyo. Moto wako uliishia kwenye ngozi. Kovu hili limeota humo ndani, pamoja na uvimbe wenyewe. Tazama. Dawa ilipoingia, uvimbe uling'aa wote kwa pamoja, kovu likabaki jeusi. Baadaye sana nalo likang'aa. Ndivyo tulivyoutambua. Si saratani, na haugeuki kuwa saratani. Hatukati kitu. Tutaurudia kuupiga picha, basi."

"Kwa hiyo kovu ni nzuri?"

"Hili, ndiyo. Ndilo lililotuonyesha."

Nje, upepo ulikuwa unarusha vumbi jekundu. Nashipai alitembea haraka, akarudi, hajui aende wapi na miguu yake.

"Yeyo, nilikuchukia kwa ule moto."

"Najua. Uliniuma." Mama akanyoosha mkono. Chini ya kidole gumba kulikuwa na alama ndogo za meno, zimefifia. "Na hii hakuna mtu amepiga picha."

Nashipai akaushika mkono ule. Bangili ikatulia.