Bendera Isiyoshuka

Ndege wa baharini walikuwa wameinyea bendera tena. Bi Bendera aliitazama kupitia dirisha la kibanda chake, kisha akasukuma kikombe cha chai mbali, maana hamu ya kunywa ilikuwa imemwisha. Kipupwe kilipoanza bendera ile ilikuwa nyekundu. Sasa ilikuwa na rangi ya nyama iliyosahauliwa juani, imechanika pembeni, imekakamaa kwa chumvi na vinyesi, na upepo ukitulia ilining'inia mlingotini kama tambara la deki. Na harufu yake, hata kwa mbali, haikuwa ya kusimuliwa mbele ya watu wanaokula.

Kibanda kilikuwa mwishoni mwa ukuta wa mawe unaoikinga bandari, pale ambapo kila boti inayotoka lazima ipite karibu kiasi cha kurushiana salamu. Kila asubuhi Bi Bendera alisikiliza taarifa ya bahari redioni, akaangalia maji mwenyewe, kisha akafanya moja kati ya mambo mawili. Bendera ikipanda, chombo kidogo hakiruhusiwi kuvuka mlango wa bandari. Ikishuka, ruksa. King'ora kilichokuwa kikisaidia bendera kilikufa siku nyingi na hakuna aliyekiombolezea. Kazi ilikuwa hiyo tu, nyepesi kuisimulia, na alikuwa ameifanya kwa miaka mingi hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Ila kipupwe hiki alikuja msimamizi mpya wa bandari.

"Iache juu," alimwambia siku ya kwanza ya baridi.

"Leo bahari imetulia, mzee."

"Bahari ya kipupwe haiaminiki. Iache juu mpaka joto lirudi. Ikiwa juu, hakuna wa kutulaumu."

Watu wakampa jina lake siku hiyo hiyo: Bwana Nisilaumiwe. Hakulijua, au alilijua na akaona ni sifa.

Siku za kwanza manahodha walitii. Walikaa gatini wamejikunyata ndani ya makoti, wakaitazama bahari iliyolala kama mkeka, wakaitazama bendera, wakatazamana. Lakini watu wa kisiwa kilicho mbele ya bandari wana kazi upande huu, wana wagonjwa, wana watoto wa shule, na nahodha naye ana tumbo. Akatoka mmoja. Akarudi salama. Wakatoka wawili. Baada ya hapo walitoka wote, kila siku, ya utulivu na ya mawimbi, na bendera ikapepea juu ya vichwa vyao bure. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mdogo wake Bi Bendera, ambaye boti yake ndiyo iliyobeba abiria wengi wa kisiwani, alikuwa akipita pale ukutani anaipigia saluti bendera na kucheka.

"Dada, nguo zako hazijakauka tu?"

Naye alikuwa akimwonyesha ngumi, lakini moyoni aliona kinyaa. Si kwa mdogo wake. Kwa ile kazi. Kumwambia mtu hatari, hatari, hatari, siku zote, ni sawa na kutomwambia kitu, na yeye ndiye aliyekuwa akilipwa kukisema kitu hicho.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvuvi. Bahari haikuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Mawimbi yalikuja kutoka mbali, yamezaliwa na dhoruba ambayo hakuna aliyeiona, mapana, ya polepole, na huko nje hayakuonekana hata kidogo. Yalipofika mlangoni, penye kina kifupi, yakakutana na maji ya bandari yanayotoka, yakasimama wima kama ukuta. Mvuvi alirudishwa amefunikwa turubai. Mkewe alikuwa amekaa chini kwenye saruji yenye unyevu, na Bwana Nisilaumiwe alifika akihema, akamvuta Bi Bendera pembeni. Swali lake la kwanza, kabla hajauliza ni nani aliyefariki, lilikuwa hili:

"Bendera ilikuwa juu?"

"Ilikuwa juu."

Akashusha pumzi, akafuta jasho la baridi, akamwambia mjane pole. Bi Bendera alikwenda nyuma ya kibanda akatapika. Tangu siku ile chai haikuwa ikimkaa vizuri.

Sasa, akiwa dirishani na kikombe kilichopoa, redio ilimwambia kwamba leo kutwa bahari ni shwari. Ikaongeza kwamba kuna dhoruba mbali sana kusini, na mawimbi yake yatafika pwani kesho au keshokutwa, saa haijulikani. Akaizima. Alikaa kidogo akiitazama ile takataka mlingotini.

"Shuka basi," alisema kwa sauti, kisha akatoka kwenda kuishusha.

Haikutaka kushuka. Kamba ilikuwa haijasogea tangu baridi ianze, imekauka kwa chumvi, na kapi la juu, kigurudumu kinachopitisha kamba, lilikuwa limeshikwa na kutu. Alivuta, akaning'inia kwa uzito wake wote, akaitukana kwa maneno ambayo mama yake angempiga kofi. Mwishowe kapi likalia kama paka aliyekanyagwa na bendera ikaja yote kwa mkupuo, ikamfunika kichwa na mabega. Ilikuwa na ubaridi wa kitu kilichokufa. Kinyesi kibichi kilimwingia kwenye kola, na manyoya ya ndege yakamshika mdomoni. Alijifunua akitema mate, akitetemeka kwa karaha, na wakati huo huo akicheka.

Boti ya mdogo wake ilikuwa ikirudi kutoka kisiwani. Ilipunguza mwendo, ikasogea ukutani.

"Dada! Leo umetusamehe?"

"Sikiliza wewe, acha mzaha. Kuna mawimbi ya mbali yanakuja. Yale yale ya marehemu. Sijui ni kesho au keshokutwa."

Uso wa mdogo wake ukaacha kucheka.

"Kesho asubuhi uitazame bendera kabla hujatoka," alisema Bi Bendera. "Ukiiona juu, usitoke hata upewe dunia. Ukiiona chini, toka."

"Kweli? Siyo ya bosi wako?"

"Siyo yake. Ni yangu. Waambie na wenzako."

Akamtazama dada yake, kinyesi shingoni, manyoya kwenye nywele. "Nikiiona juu, sitoki," alisema. "Nitawaambia." Alipoondoka hakupiga saluti.

Bwana Nisilaumiwe alifika kabla jua halijazama, maana mlingoti mtupu ulionekana mpaka ofisini kwake. Alisimama mbali na bendera iliyokuwa imelowekwa kwenye ndoo.

"Nani amekuruhusu?"

"Leo ni shwari, mzee. Kesho nitaipandisha ikibidi, na wataiona."

"Na mtu akizama usiku huu je? Utasema nini?"

"Nitasema amezama. Mzee, kamba imeoza. Naomba mpya kutoka stoo."

"Kamba mpya ya nini, kama bendera haitakiwi kushuka?" Alikunja pua. "Kesho mapema iwe juu. Na isishuke tena." Akaondoka akipangusa viatu kwenye mawe, kama vile ukuta wote ulikuwa umemnyea.

Aliikagua kamba kwa vidole, nyuzi zikamkatikia mkononi. Mahali palipolegea zaidi alipafunga fundo, akapavuta, pakashika. Alijiambia itafaa kwa mara moja.

Asubuhi iliamka kimya na baridi ya kuuma meno. Ukungu mwepesi ulikuwa juu ya maji, na maji yalikuwa yakitoka bandarini taratibu, yakiburuta mwani uliooza na chupa. Hapakuwa na upepo. Redio ikasema: mawimbi makubwa asubuhi hii, vyombo vidogo visivuke milango ya bandari wakati maji yanapotoka.

Alitoka na bendera. Haikuwa imetakata, ila wekundu ulikuwa umerudi kidogo. Akaifunga, akavuta. Ikapanda. Ng'ambo, kwenye gati la ndani, alisikia injini zikiwashwa na abiria wakiitana. Akavuta tena. Fundo likafika kwenye kapi, likakwama. Alivuta kwa nguvu, na kamba ikakatika bila hata kelele. Ncha moja ilipanda juu, ikapita kwenye kapi, ikaanguka majini. Bendera ikaanguka miguuni pake.

Mlingoti ulibaki mtupu. Bi Bendera aliutazama, akaelewa mara moja jinsi unavyoonekana kutoka gatini. Juzi, na ile bendera ya uongo, angalau wangeipima bahari wenyewe kabla ya kutoka. Lakini jana aliwaapia yeye mwenyewe. Ukiiona chini, toka.

Alimpigia mdogo wake simu. Iliita mpaka ikachoka. Simu yake hukaa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti, abiria wakipanda haisikii. Boti zikaanza kujipanga kutoka, yake mbele, imejaa watu mpaka kwenye kingo.

Aliiokota bendera akakimbia nayo mpaka jiwe la mwisho la ukuta. Mlangoni, nje kidogo, bahari ilijiinua bila haraka yoyote, ikawa nyeusi, ikasimama, ikaanguka. Maji yakapanda juu ya mawe yakamlowesha mpaka kifuani. Aliinua mikono yote miwili na ile nguo nzito, maji ya chumvi na uchafu yakimshuka makwapani, na hakuipunga. Aliishika tu, juu kadiri alivyoweza.

Boti ya mdogo wake ilikuwa ikija. Alimwona amesimama kwenye usukani, naye mdogo wake amemwona. Akautazama mlingoti mtupu. Akamtazama tena yeye.

"Dada! Hiyo iko juu au iko chini?"

"Iko juu!"

Injini ikashusha sauti. Kwa muda boti ilikwenda yenyewe, ikivutwa na maji yanayotoka, na Bi Bendera aliona midomo ya abiria ikilalamika. Kisha mdogo wake akakata usukani mpaka mwisho. Boti ikalala ubavu, mtu akapiga ukelele, ikageuka. Nyuma yao mlangoni ukuta mwingine wa maji ulisimama ukaanguka, na hakuna aliyelalamika tena. Boti ya pili ikageuka. Ya tatu ikafuata.

Alikuwa bado ameiinua bendera alipomsikia Bwana Nisilaumiwe nyuma yake, amekuja mbio na koti halijafungwa vifungo. Aliutazama mlingoti, akaitazama bahari, akahesabu kwa macho boti zinazorudi.

"Bendera," alisema akihema, "bendera ilikuwa juu?"

Bi Bendera alimtazama kwa kinyaa ambacho hakujisumbua kukificha, kisha akambwagia ile nguo mikononi, yote, na maji yake.

"Shika wewe. Mimi mikono imekufa."

"Mama, hii ... inanuka."

"Inanuka, ndiyo. Iinue, mzee. Bado boti moja."

Kweli ilikuwapo, ndogo, imechelewa, ikitoka kwenye ukungu na watu wawili ndani. Bwana Nisilaumiwe alitafuta kwa macho mahali pa kuitua bendera. Palikuwa na mawe na maji tu. Akageuza uso pembeni, akafumba mdomo, akaiinua taratibu juu ya kichwa chake, na maji machafu yakaanza kumshuka ndani ya mikono ya koti.