Anasemaje Noor?

Dada yangu Noor anajua bei ya kila kitambaa dukani kwa Baba hapa Mtoni, lakini hajui kusema uongo, na mtu wa namna hiyo huishi kwa tabu. Ana miaka thelathini. Ana usonji. Daktari alinieleza mimi, kwa kuwa Mama alikataa kuingia: "Asipokutazama usoni si kiburi. Kelele zinamuumiza. Akizidiwa, maneno yanamkwama. Mpe simu aandike." Tangu siku ile mimi ndiye mdomo wake. Wateja, mashangazi, hata Baba, wote huniuliza, "Reem, anasemaje Noor?"

Nami nina miaka ishirini na saba na mchumba aliyechoka kungoja, maana kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa. Kwa hiyo Muntasir wa Kipawa, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto wanne na nyumba isiyokatika makelele, alipoleta posa, nyumba nzima ilimshukuru Mungu. Noor hakuulizwa. Mimi nilishukuru kuliko wote, sina haja ya kujitakasa.

Siku ya ndoa walimpamba, wakamfukiza udi, wakamketisha chumbani katikati ya wanawake, huku spika ya muziki ikiunguruma uani. Noor alikuwa akijibembeza, viganja masikioni. Mama aliishusha mikono yake mara tatu, mara ya tatu kwa kumfinya.

Sheikh alisimama mlangoni na mashahidi wawili. "Binti yangu, umeridhia uozwe kwa Muntasir?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Si ndo kakubali huyo, sheikh?" Mama alisema. "Mwanamwali akinyamaza karidhia. Watu wanasubiri huko nje."

"Ndiyo kawaida," sheikh alijibu, "lakini huyu anatetemeka. Sitaki kubeba dhambi."

Noor akachomoa simu chini ya mtandio, akaandika, akaniwekea mkononi. Nikasoma: "Sitaki. Waambie waondoke."

Sheikh akanigeukia. "Nasikia wewe ndo unamwelewaga. Anasemaje?"

Mama hakuisoma ile simu. Alinitazama tu, kwa jicho ninalolijua tangu utoto. Nilimwonea Noor huruma, huruma ya kweli kabisa, na ilidumu kiasi cha kumeza mate.

"Anasema ameridhia, sheikh. Ni haya tu. Mie namjua, akifurahi hutetemekaga hivyohivyo."

"Alhamdulillahi," alisema, akarudi sebuleni kwa wanaume kufunga ndoa. Vigelegele vikapasuka. Noor akajikunja, kichwa magotini, na mashangazi wakacheka, wakasema aibu kama hiyo kwa mabibi harusi wa siku hizi huioni. Nami nilicheka nao.

Makelele yalipopungua nilimrudishia simu. Akaandika, "Umewaambia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa Noor mtu akisema jambo, basi ndivyo lilivyo. Daktari alinieleza hata hilo. Mabega yake yakashuka, kutetemeka kukakoma. Akaanza kuvua bangili moja moja na kuzipanga kitandani, kubwa kwanza, halafu akaniandikia tena.

"Ahsante, Reem. Wataondoka saa ngapi?"