Nyuki Saba wa Ijumaa

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na mwaka ule wa 2013 hakuna aliyenikasirisha kama Damaris. Tulifanya kazi pamoja kwenye shamba la nyanya nje kidogo ya Doha, mimi dereva, yeye msimamizi wa mabanda ya plastiki, na alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Alihesabu miche, alihesabu ndoo, alihesabu hata vijiko vya chai. Kisha wakaletwa nyuki.

Si nyuki wa asali kama wa kwetu Kitui. Hawa ni wanene, wana manyoya, wanakuja kwa ndege ndani ya maboksi, na kazi yao ni kutikisa maua ya nyanya mpaka yashike matunda. Pamoja nao ilikuja dawa mpya ya inzi weupe. Haikuwa kemikali. Ilikuwa kuvu hai, unga wa kuchanganya na maji, unaoota juu ya inzi na kumuua. Karatasi yake ilisema haidhuru nyuki. Damaris akasema karatasi hiyo haijawahi kufanya kazi Doha mwezi wa tano.

Hata hivyo aliitaka ile dawa, na mudir, yaani bosi wetu, alimpa siku kumi na nne za kujaribu. Banda la kwanza lipuliziwe kuvu, la pili maji matupu, kila moja na boksi lake la nyuki. Nyuki wa kuvu wakifa, tunarudi kwenye dawa ya zamani na kutikisa maua kwa mkono. Dawa ya zamani sote tuliijua. Proscovia, dada Mganda aliyekuwa akiipulizia, ilikuwa imemkaba kifua hadi hamalizi sentensi bila kukohoa. Kwa hiyo nilitaka kuvu ishinde, basi.

Kila jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi ndani, Damaris alipiga magoti na tochi aliyoifunga karatasi nyekundu, kwa sababu nyuki hawaoni mwanga mwekundu, akawahesabu walio hai kupitia kifuniko cha boksi kinachoonyesha ndani. Asubuhi aliokota wafu sakafuni.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa, na kwaya yake ya kanisani Mesaimeer ilimtaka bila kukosa. Akaniachia ufunguo na kifuniko cha chupa.

"Okota wafu wa kila banda, weka hapa, andika. Usijifanye mjuaji, Japheth."

Saa sita mchana feni kubwa ya kupoza mabanda yote mawili ilisimama. Nilihangaika nayo saa nzima, shati likanigandia mwilini. Nilipoingia banda la kwanza nikakuta nyuki saba chini, miguu juu. Nilimwona akilini Proscovia na pampu ya dawa ya zamani mgongoni tena. Nikachukua ufagio, nikawatupa kwenye pipa la taka. Banda la pili sikulifungua hata. Lilikuwa la maji, lingeniambia nini?

Nikaandika: sufuri.

Damaris alirudi jioni, bado amevaa sare ya kwaya, akapiga magoti na tochi yake. Alihesabu mara mbili.

"Jana walikuwa sitini na mmoja. Leo hamsini na wanne. Na hakuna aliyekufa?"

"Si wametoka tu."

"Neti ya banda haina tundu. Wee Japheth, mimi na wewe hatutoki nchi hii bila kibali cha mudir. Hawa saba walipewa kibali na nani?"

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikamweleza yote, pamoja na sababu, nikasubiri anitukane. Aliniuliza tu pipa liko wapi. Akakunja mikono ya sare yake nzuri, akafukua majani ya nyanya yaliyooza mpaka akawapata wote saba. Kisha akafungua banda la pili. Wafu sita.

"Hawa hawajaonja kuvu. Inaonekana ni joto," akasema, lakini hakushangilia. Aliwalaza wote kumi na watatu juu ya tishu yenye maji, kila banda na sahani yake. "Aliyeuawa na kuvu ataota ukungu mweupe. Tunangoja."

Siku tano nilipita pale kila nilipopata nafasi. Wale sita hawakuota kitu. Kati ya wale saba, mmoja aliota pamba nyeupe shingoni.

"Huyo mmoja si umwache tu," nikamwambia. "Mfikirie Proscovia."

"Proscovia ndiye atakayeipulizia kila wiki. Nimdanganye?"

Akaandika mmoja. Akanipa kalamu niandike mwenyewe kwamba siku ya tisa wafu walifagiwa na mimi. Mudir alisoma polepole. Alipofika kwenye jina langu aliniangalia, nami nikaanza kupanga sanduku langu kichwani. Kisha akauliza yule mmoja angeokolewaje. Damaris akamjibu: maboksi yafungwe jioni kabla ya kupulizia, yafunguliwe majani yakishakauka. Mudir akatia sahihi, na dawa ya zamani ikaondolewa stoo siku ileile.

Nasema wazi, sijawahi kumheshimu mtu namna ile. Sufuri yangu ilimpa kila alichokitaka, naye akaikataa akiwa na matope hadi kwenye viwiko.

Ijumaa iliyofuata, akienda Mesaimeer, alisimama mlangoni akanikabidhi ufunguo na kifuniko kilekile. Nilizunguka mabanda yote mawili. Nilipata watatu. Nikaandika watatu.