Vibao vya Sisimizi

Nilikuwa na haraka. Silisemi hilo kujitetea, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kuna mchezo wa kompyuta wa kujenga mji: unachimba visima, unapanga masoko, unaajiri watu. Ni programu huria, hauuzwi, na yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kuleta marekebisho. Mimi ni mmoja wa watu watatu wanaoamua lipi liingie na lipi lirudi lilikotoka. Kazi hiyo naifanya kila Jumamosi kwenye meza ya kulia chakula, nguo zikiwa kwenye mashine. Humo wananiita Bi Nyundo. Sikujipa jina hilo, ila sikulikataa.

Wachezaji walikuwa wamelalamikia madirisha miaka nenda miaka rudi. Ukifungua la ghala, linafunika ramani. Ukifungua la wafanyakazi, linafunika ghala. Unayasogeza huku na huku kama mtu anayetafuta soksi kwenye shuka. Ndipo akaja mgeni anayejiita Sisimizi, na kazi ya miezi minne. Kila dirisha alilifanya kibao kinachonata. Unakiburuta hadi ukingoni mwa skrini, ukingo unang'aa buluu, unakiachia, kinanata hapo hapo na ramani inakipisha. Ukikichoka, unakibandua.

Nikaipakua, nikaifungua. Vibao vyote tisa vikarundikana kona ya juu, kimoja kimekalia kingine. Nikaburuta kimoja, kikarudi. Nikaburuta kingine, nacho kikarudi. Nikapiga picha ya skrini, nikaiweka kwenye ukurasa wa majadiliano mbele ya kila mtu, nikaandika: "Miezi minne kwa hili? Hata kabati la vyombo likianguka, sahani hujipanga vizuri zaidi. Imekataliwa. Ndugu, siku nyingine jaribu kazi yako kabla ya kutuletea."

Watu sitini walibonyeza alama ya kicheko, nami nikafurahi.

Sisimizi alijibu mara moja tu: "Kwangu inafanya kazi. Naomba unielekeze nilipokosea." Sikumjibu. Nilikuwa naanika nguo, na baada ya hapo nikasahau. Siku ya Jumatano aliondoa ombi lake la kuingiza vibao.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alikuwa nyumbani, likizo ya chuo. Alikaa kwenye kochi, kompyuta mapajani.

"Mama, vile vibao mlivyovikataa vina shida gani?"

"Vinarundikana."

"Wapi?"

"Kona ya juu. Si uangalie picha? Dunia nzima imeiona."

"Nimeiona. Njoo uone kwangu."

Nilikwenda na taulo mkononi. Ramani ilikuwa katikati, ghala kulia, wafanyakazi chini. Akaliburuta ghala kushoto, ukingo ukang'aa, likanata. Sikuwa nimewahi kuuona mji wetu wote kwa mara moja.

"Umerekebisha nini?"

"Sijagusa kitu. Nimeipakua kwake jana." Akanitazama. "Ulifuta faili lako la mipangilio kabla ya kujaribu?"

Nikakunja taulo.

"Mama?"

"Kanuni naijua."

"Nakusomea tu. 'Usituletee malalamiko kabla hujafuta faili lako la mipangilio. Taka za nyumbani kwako usimsingizie jirani.' Imeandikwa na..." Akateremsha ukurasa. "Eh! Imeandikwa na Bi Nyundo."

Baba yake, aliyekuwa akifunga kamba za viatu mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Leo nyundo imegonga kidole."

"Wewe nenda zako."

Nililifungua faili langu. Mstari ulikuwa pale. Nilikuwa nimeuandika miaka sita nyuma, nilipotumia skrini ndogo kama sinia: kila dirisha lifunguke kona ya juu, na likisogezwa lirudi. Mkono ni wangu. Sisimizi angewezaje kujua?

Sasa hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Sikuwaza kuomba radhi. Niliwaza kuifuta ile picha.

"Unafanya nini?" binti akauliza.

"Nasafisha."

"Ukifuta, patabaki maneno kwamba umefuta. Na watu sitini wameshasoma."

"Basi nimwandikie pembeni."

"Kwani ulimtukana pembeni?"

Huyu ni mtoto niliyemlea kwa kumwambia kwamba aliyevunja glasi aseme mwenyewe kabla sijauliza. Nikaketi nikaandika. Mara ya kwanza niliweka "kwa bahati mbaya" na "mazingira ya majaribio". Nikafuta. Kilichobaki kilikuwa hiki: "Kazi ya Sisimizi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye faili langu. Nilivunja kanuni niliyoiandika mwenyewe, kisha nikamcheka mtu hadharani. Sisimizi, naomba radhi. Naomba uturudishie kazi yako, tuipokee."

Jibu lilikuja siku ya tatu. "Nimepokea. Vibao vichukueni, leseni inaruhusu. Mimi nimeshahamia mradi mwingine. Huko nikiuliza swali, najibiwa."

Nililisoma kazini, wakati wa chai, nikashindwa kumaliza kikombe.

Vibao tukavichukua. Kuviunganisha na toleo jipya kulinichukua wiki tano. Mara kwa mara nilikwama mahali ambapo yeye angenikwamua kwa sentensi moja, na sikuwa na uso wa kumuuliza. Jina lake nililiweka juu ya kila faili aliloligusa. Toleo lilipotoka, wachezaji wakamiminika: "Bi Nyundo, mikono yako ibarikiwe!" Nikamjibu kila mmoja: "Kazi ni ya Sisimizi. Mimi ndiye niliyemkataa."

"Utawajibu wote hao?" mume wangu akauliza.

"Wote."

Mmoja akataka kujua Sisimizi anapatikana wapi ili amshukuru. Nikautafuta ule mradi wake mpya nimpe anwani. Ni programu ndogo ya kuchora ramani, watu wenyewe hawafiki kumi. Nikasoma majadiliano yao. Walikuwa wakimbishia na yeye akiwabishia, akiwatania, akimwita mmoja wao mzee wa mistari iliyopinda, na huyo mzee akimjibu kwa maneno makali kuliko yake, wote wakicheka.

Kwetu alikuwa ameandika majibu mawili tu. Sikujua kwamba ni mcheshi.