Matawi Mbele ya Reli

Jirani yangu Mama Mwanvita anadai kwamba yule dereva hakuwa na haraka. Anasema alikuwa anamenya mihogo barazani kwake, karibu na pale barabara yetu inapokata reli, akaiona bajaji inapunguza mwendo ilipofika kwenye matawi. Matawi hayo tuliyatandaza barabarani sisi wenyewe watu wa mtaa, maana pale hapana geti, hapana taa wala kengele, na upande wa mlimani kichaka cha minyaa kimeficha treni mpaka inakufikia. Tulitaka madereva wasimame waangalie. Lakini yule kijana alikuwa mgeni wa njia ile, na dereva wa nchi hii akiona matawi barabarani anajua jambo moja tu: mbele kuna gari bovu. Kwa hiyo, anasema Mama Mwanvita, akanyoosha shingo kutafuta lori lililoharibika ng'ambo, akayakwepa matawi taratibu, kwa adabu kabisa, akapanda reli bila kugeuza kichwa. Treni ya mizigo ikamchukua.

"Alitutii," Mama Mwanvita aliniambia. "Wengine wote wanapita hawajali, wanapona. Huyu alitutii."

Siku iliyofuata wakuu walikuja. Walisimama kwenye kivuli cha gari lao, wakatuambia fungu la kujenga geti limeshatengwa, lipo kwenye mchakato, ila sisi wananchi tumemchanganya dereva kwa matawi yetu, na tukirudia tutashtakiwa. Wakatuomba tuwe na subira. Nikarudi nyumbani kimya kama kawaida yangu, maana mimi husifiwa kwa utulivu, nikamkuta binti yangu Mwantumu anajipimia sare mpya. Jumatatu anaanza darasa la kwanza, na shule iko ng'ambo ya reli. Alizunguka mbele yangu ili nione sketi inavyopepea. Nikamwambia imempendeza, kisha nikajilaza mkekani, mchana ule ule wa jua kali, usingizi ukanibeba na hasira yangu kifuani.

Nikaota niko katika nchi tambarare isiyo na mti, ambamo reli zilikuwa zimetambaa kila upande kama mizizi, na kila reli ilikatwa na barabara, na kila palipokatwa paliwekwa meza ndefu yenye kitambaa cheupe na chupa za maji. Mwanamke mmoja aliyejifunga kanga safi akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa laini kama mafuta. Akajitambulisha kuwa ni Subira, akasema amenifahamu tangu utotoni na atanionyesha geti letu linavyokuja. Nikamfuata bila swali.

Tukaona kwa mbali, kwenye kilima chenye nyumba nyeupe, kijana mwenye kifua kipana anatoka mlangoni huku anapigiwa vigelegele. Huyo ndiye Fungu, mwenzangu akaniambia, ametumwa kwenu. Begani alibeba mlingoti mrefu uliopakwa nyekundu na nyeupe, shingoni alivaa kengele, na mkononi alishika taa iliyowaka kama jicho la simba. Moyo wangu ukaruka. Lakini kwenye meza ya kwanza alikaa Bwana Semina, akamwomba taa ili aone vizuri anachokisoma, na hakuirudisha. Kwenye meza ya pili Bi Posho alikuwa anajipepea, bangili mpaka kwenye viwiko. Akaivua ile kengele shingoni mwa kijana akaivaa yeye, akacheka ilivyolia. Nilipouliza watoto wetu watasikia nini, akanitazama miguuni kwanza.

"Huyu naye katokea wapi?" akawauliza wenzake. "Kiatu hana, swali analo."

Meza nzima ikacheka. Kwenye meza ya tatu Mzee Mchakato, aliyekuwa na miwani juu ya miwani, akauchukua mlingoti akasema lazima upimwe, na kila alipoupima aliukata kipande, na kila kipande alikiweka chini ya meza yake ili isiyumbe. Nikataka kupiga kelele. Mwenzangu akaniziba mdomo kwa kiganja chake cha baridi.

"Mwanangu," akasema, "kila mtaa unalia kama wenu. Kaa pembeni, tulia, mtaitwa."

Basi Fungu alipotufikia alikuwa amekonda, shati hana, na mkononi amebakiwa na kijiti kisichozidi mwiko wa ugali. Ng'ambo ya reli nikamwona Mwantumu katika sare yake. Ardhi ikaanza kutetemeka. Nikajaribu kumwita lakini kile kiganja kilikuwa bado mdomoni kwangu, nikakiuma, nikaishika ile kanga nikaivuta kwa nguvu zote. Ikafunguka. Chini yake palikuwa na mwanamume mnene aliyevaa suti, mwenye macho ya mtu aliyetoka kulala.

"Mbona umeshtuka?" akasema. "Mimi naitwa Uzembe. Nguo za Subira zinanipendeza, na nyinyi mkiziona tu mnanyamaza wenyewe."

Nikamuuliza mwenye kanga yuko wapi. Akanyoosha kidole kivivu. Mbele ya mlango wa chuma alisimama mwanamke aliyefunikwa gunia, vifundo vya vidole vimevimba kwa kugonga, na bado alikuwa anagonga. Nikamkimbilia, nikamrudishia nguo yake, nikamwambia mtaani kwetu tulikaa kimya kwa ajili yake.

"Sijamwambia mtu akae kimya," akajibu bila kugeuka. "Nami sijakaa. Shika hapa, ugonge."

Nilipoinua mkono nikaamka. Jua lilikuwa bado halijatua. Nikalala macho kidogo, nikafahamu ni nani niliyekuwa namtii miaka yote hii watu waliponisifia upole wangu, nikaona haya, kisha haya ikaniishia ikabaki hasira peke yake. Nikajifunga kitenge nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa ameshafunga mlango, yuko juu ya pikipiki yake. Nikasimama mbele ya tairi.

Akaanza kuniambia habari za lile fungu. Nikamkatiza, mimi ambaye sijawahi kumkatiza mtu mkubwa.

"Fungu sitaki kujua liko wapi, mheshimiwa. Binti yangu anavuka Jumatatu asubuhi. Naomba mtu mmoja mwenye bendera nyekundu, asimame pale watoto wakienda na wakirudi, mpaka geti lije. Utamleta?"

Akavaa helmeti, akateremsha kioo chake cheusi. Ndani ya kile kioo nilijiona mwenyewe, mdogo, nimesimama. Akapiga resi. Sikusogea.