Kisanduku Kisichoshika

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyetengeneza jedwali la zamu pale kwa dobi, tunakofua mashuka ya hoteli. Huonekana kwenye skrini kubwa juu ya mashine za kukaushia. Kila mfanyakazi ana mstari wake, na kila siku ina kisanduku chake: mchana au usiku.

Wiki ile nilipangiwa usiku. Siwezi usiku. Mama amepotewa na kumbukumbu, na giza likiingia hufungua mlango akaenda kumtafuta marehemu baba. Nikajikaza nikamwambia msimamizi, ambaye tunamwita Mama Pasi kwa sababu maneno yake huunguza.

"Kumbe una ulimi!" alisema. Lakini alibonyeza kisanduku changu, akafuta usiku, akaandika mchana. "Haya, umeona? Kafanye kazi."

Niliona. Wenzangu wote waliona.

Jumatatu nilifua mchana kutwa. Jumanne asubuhi meneja akaniita.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa zamu ya mchana, bosi."

Akanionyesha skrini. Mstari wangu ulisema usiku, kama vile hakuna aliyewahi kuugusa. Nikamtazama Mama Pasi. Alikuwa anakunja foronya ambayo ilikwisha kunjwa.

"Mimi sijui," alisema. "Jedwali ndilo linalosema."

Meneja akaniachisha kazi. Kabla ya saa nne nilikuwa nje ya geti, aproni mkononi.

Jioni shemeji na dada walikuja kutujulia hali. Nilimsimulia shemeji huku nampakulia chakula. Akacheka kidogo.

"Aa, lile! Jedwali ni kioo tu, shemeji. Data zenyewe ziko kwenye hifadhi. Niliunga upande mmoja: hifadhi inapeleka habari kwenye kioo. Ukiandika kwenye kioo, hifadhi haina habari. Skrini ikifunguliwa upya, inarudisha yale ya zamani."

"Ulikuwa unajua?"

"Siku ya kumwonyesha meneja ilikuwa imefika. Alitaka kuona linavyopendeza, akaliona. Nilisema nitamalizia baadaye."

"Baadaye ndiyo leo," dada alisema. "Weka kijiko chini."

Akafungua kompyuta yake, akaandika maneno machache. Akachagua mstari wa mpiga pasi mmoja, akageuza usiku kuwa mchana, akafungua ukurasa upya. Mchana ulibaki pale pale.

"Umeona? Sasa limeungwa pande zote mbili. Linashika." Akarudisha usiku wa mpiga pasi.

"Basi niandikie na mimi mchana."

Akashuka na kidole toka juu hadi chini, akapanda tena.

"Mstari wako haupo. Wamekufuta kwenye hifadhi."

"Si unaweza kuuweka?"

Alifunga kompyuta taratibu.

"Zamani ningekuandika na hakuna ambaye angejua. Sasa kila ninachoandika kinafika, shemeji. Meneja ataona ni mkono wangu."

Dada akaanza kukusanya vyombo. Chakula cha shemeji hakikuwa kimeisha, lakini aliondoa sahani.

Mlangoni, mama alikuwa ameshaanza kushindana na kitasa.

"Baba yenu kachelewa," alisema.

Nikaenda kumshika mkono. Muda wa kumshika nilikuwa nao, usiku na mchana.