Tulivyoukandika Ukuta wa Maonyesho

Nthatisi, binti aliyeandaa maonyesho yetu, alituacha peke yetu ndani ya jumba saa nne asubuhi, Jumamosi ile ya maonyesho, akaenda kuchukua vinywaji na kadi za majina. Alituomba jambo moja tu, tukae tupumzike. Tulikuwa watatu: mimi 'Mapuleng, jirani yangu 'Makarabo, na 'Matumelo, ambaye hajapumzika tangu azaliwe.

Michoro yetu kumi na saba ilikuwa imeshatundikwa. Ni ile ile tunayochora kwenye kuta za nyumba zetu, litema, mistari kama ya shamba lililolimwa, ila safari hii tulikandika juu ya mbao ili ifike mjini Maseru. Nthatisi ndiye aliyetufuata kijijini, mara nne, kwa basi na kwa miguu. Mara ya tatu alinikuta goti limenivimba, akanichotea maji siku mbili kabla hajataja habari ya michoro. Mimi kitu kama hicho sikisahau.

Tena tulijua amejitosa. Mwenye jumba, 'M'e 'Malineo, yaani Mama 'Malineo, alikuwa amemwambia kwamba watu wa mjini hawatoki majumbani kwao kuja kutazama kuta za vijijini, na maonyesho haya yakimtia aibu, Nthatisi atafute kazi kwingine. Alitusimulia hayo akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua leso.

Basi tukakaa. Kuta tatu zilikuwa na michoro. Ukuta wa nne, ule mkubwa unaotazamana na mlango, ulikuwa mweupe, mtupu kabisa.

"Wageni wanakuja saa tisa na nyumba iko uchi," akasema 'Matumelo.

'Makarabo alisema pengine wenyewe wanapenda hivyo.

"Nani anapenda uchi? Watasema binti huyu hana mama wala shangazi. Na sisi tumekaa hapa tunamalizia makoenya yake."

Ni kweli tulikuwa tunayala maandazi yale ya kukaanga, na mafuta yalikuwa yanatuchuruzika. Kwetu wageni wa sherehe hawakaribishwi kwenye nyumba ambayo haijakandikwa. Msichana akiwa hana mtu wa kumkandikia, majirani humkandikia, na hawangoji kuombwa. Nilipofikiria maji ya siku mbili, nikaona haya. Ni mimi niliyesimama wa kwanza.

Tulikuwa na ndoo mbili za udongo uliochanganywa na samadi, tulizobeba kwa ajili ya kuziba nyufa kama mbao zingepasuka njiani. Hazikupasuka. Tukafunga vitambaa viunoni, tukaanza.

Nina miaka sabini na mbili, na sijui ni lini mara ya mwisho nilifurahi namna ile. Ukuta wa mjini ni laini, kiganja kinateleza chenyewe. 'Makarabo alikuwa hajacheka tangu amzike mumewe, lakini donge la udongo lilipomwangukia 'Matumelo kichwani na kukaa pale kama kofia, alicheka mpaka akashika ukuta, na ikabidi sehemu ile tuirudie. Mlinzi, Ntate Sello, yaani Baba Sello, alikuja mbio kutukataza. Akasimama, akavua kofia, akatutazama. Kisha akaondoka na kurudi na ngazi, akaishika muda wote ili tusianguke. Udongo ulipopungua, 'Matumelo alitoka na ndoo akarudi na udongo wa bustani. Sikuuliza maua yamekwenda wapi.

Nthatisi alirudi saa nane na nusu. Alisimama mlangoni na kreti ya vinywaji mikononi.

"Bibi zangu," akasema polepole, "mmefanya nini?"

"Tumekuvika," akajibu 'Matumelo.

Aliweka kreti chini, akachukua kitambaa chenye maji, akajaribu kufuta pembeni. Doa la kahawia likatambaa hadi kwenye mlango. Hapo akaketi sakafuni na kutueleza kwamba 'M'e 'Malineo aliulipia weupe ule kwa mafundi wawili, wiki nzima, ili macho ya watu yapate mahali pa kupumzika. Niliketi kando yake nikampangusa jasho, nikamwachia udongo usoni kote. Alijigusa shavu, akatazama kidole, akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana lingine la kufanya. Tukacheka wote, na Ntate Sello pale kwenye ngazi yake.

'M'e 'Malineo alitukuta hivyo. Suti ya rangi ya maziwa, viatu virefu. Tulificha mikono nyuma kama watoto walioiba sukari.

Nilisimama nikamwambia binti hakuwepo, kosa ni letu, atufukuze sisi. Akanipita tu. Alikwenda hadi ukutani, akainama kwenye kona iliyo karibu na dirisha.

"Kona hii kaifanya nani?"

'Matumelo akainua mkono.

"Mistari imepinda. Mama mkwe wangu angenirudisha hapa mpaka jua lizame."

"Mama mkwe wako hakuwa na wageni wa saa tisa," akasema 'Matumelo, nami nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, 'M'e 'Malineo alikuwa anavua koti. Alimpa Nthatisi, kisha akampa pete, moja baada ya nyingine.

"Udongo umebaki?"

"Umebaki wa bustani," akasema 'Makarabo.

"Bustani yangu?"

"Ndiyo, 'M'e. Ni udongo mzuri sana."

Akaupaka kwenye kona ile, akaulainisha kwa kiganja, akapitisha vidole vinne kutoka juu hadi chini bila kuvinyanyua. Nisidanganye, mistari yake ilinyooka kuliko yetu. Wageni walikuwa wameanza kugonga. Nthatisi, amelikumbatia koti kama mtoto mchanga, akauliza kwa sauti ndogo kama afungue.

"Fungua, maonyesho ni yako," akasema 'M'e 'Malineo bila kugeuka. "Jumatatu tukae tupange ya mwakani. Na uwaambie wasiegemee, bado mbichi."

Nthatisi aliwaambia, kwa adabu, mlangoni, mmoja mmoja. Mpaka jioni nilihesabu migongo tisa ya kahawia, na hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani mapema.